Chupa ya Mtu wa Maji

Kisima kile mama mkwe alikichimba na marehemu mumewe, mume akiwa shimoni, yeye juu akivuta udongo kwa ndoo. Kwa hiyo mkaza mwana wake alipomwita mtu wa maji aje kupima, eti kwa sababu mtoto haachi kuharisha, alilipokea kama tusi. Choo kipya, kilichochimbwa hatua kumi tu upande wa juu wa kisima, hakutaka hata kitajwe.

Mtu wa maji akaacha chupa. "Ijazeni kesho asubuhi, moja kwa moja kutoka kisimani. Nitaipitia."

Asubuhi mkaza mwana alikuwa kliniki na mtoto. Mama mkwe akaishika chupa, akaigeuza geuza. Akaijaza maji ya birika, yale yaliyochemshwa na kupozwa kwa ajili ya wageni. Loo, mgeni haonyeshwi jikoni! Nani humpa mgeni maji ya ndoo?

Mtu wa maji akaipitia chupa, na karatasi ya majibu ikarudi: maji ni salama.

"Umeona?" akacheka. "Kisomo chako chote, umeshindwa na kisima cha bibi kizee!"

"Nisamehe, mama," mkaza mwana akasema, naye akacheka kwa furaha. Tangu siku hiyo akaacha kuchemsha maji. Kuni za nini tena?

"Wewe chemsha tu," mama mkwe akasema.

"Si yamepimwa, mama?"

Mama mkwe akaingia ndani. Ajiumbue mwenyewe, mbele ya mke wa mwanawe?

Wiki ya pili mtoto alikuwa macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Kule zahanati, nesi aliuliza, "Maji mnachemsha?" Mkaza mwana akatoa ile karatasi kifuani. Nesi akaisoma, akamtazama toka juu hadi chini.

"Basi si maji. Ni mikono yako, mama. Unamlisha mtoto uchafu."

Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Aliyasikia yote.

Jioni alimkuta mkaza mwana uani, anajisugua mikono kwa sabuni mpaka ngozi imekuwa nyekundu, machozi yanamtiririka. "Mama, kumbe ni mimi. Ni mimi ninayemuua mwanangu."

Sema, we mwanamke! Sema sasa hivi! 

Mama mkwe akachota kata ya maji kisimani, akammiminia mikononi.

"Nawa vizuri, mwanangu," akasema. "Halafu ukamnyonyeshe."