Kamba Iliyoingia Ardhini

Fundi wa mashimo ya choo aliyeletwa na mkwe wangu alikuwa akiitwa Sabuni. Mtu anachimba mashimo ya maji machafu, na shati lake halina hata doa: hapo tu ningeshtuka. Lakini mkwe alishampenda. Ukimwuliza swali, Sabuni alijibu kabla hujalimaliza, na simu yake ilijaa picha za mifuniko ya zege, laini kama uso wa bwana harusi.

Shimo la kwa binti yangu lilikuwa limejaa hadi maji yanarudi bafuni. Jipya lingechimbwa uani, palepale anapocheza mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea, ule mwendo wa mlevi, anakwenda anakotupwa na miguu.

Nikamwambia mkwe, "Mwanangu, mfuniko wa shimo ndio sakafu ya mtoto. Ngoja kwanza nimchunguze huyu mtu wako."

Akacheka kwa adabu, kama anavyocheka mtu asiyeweza kumbishia mama mkwe, akasema nichunguze upesi maana kazi inaanza kesho.

Sasa, mimi fundi wa choo simchunguzi kwa maneno. Ulimi hauna mfupa. Naenda kwenye nyumba aliyoifanyia kazi zamani, napiga hodi, nashika tumbo, naomba msalani. Kikongwe hanyimwi choo. Wanaogopa atakachowafanyia sebuleni. Ukishaingia, huna haja ya kuuliza kitu. Pua inajibiwa.

Sabuni mwenyewe alikuwa amejisifia nyumba moja yenye geti la kijani, mitaa michache kutoka kwetu. Nikaenda mchana, jua la utosi. Akafungua mwanamke wa umri wa binti yangu. Nilipotaja choo, hakunitazama usoni, alinitazama miguu. Akaniambia kiko nyuma, uani, ila nipite kando kando, mgongo uguse ukuta.

Nilidhani ni utani, na utani siujibu kwa haraka. Nikatokea uani.

Mitaani majani yote yalikuwa yamekauka, lakini ua ule ulikuwa wa kijani, umenona, kama umelishwa. Njia nyembamba ya nyayo ilizunguka chini ya ukuta. Katikati hapakuwa na alama, hata ya ukucha wa kuku. Kuku wenyewe walijipanga ukutani kimya, kama wanaosubiri daktari. Na hapakuwa na harufu. Hilo ndilo lililonitia baridi. Choo kisichonuka kabisa kimeipeleka harufu yake mahali.

Karibu na mlango palikuwa na kigingi, na kwenye kigingi kamba. Kamba ilinyooka juu ya majani hadi katikati ya ua, kisha ikaingia ardhini. Hapakuwa na tundu. Iliingia tu, kama uzi unavyoingia kwenye nguo.

Nikamwuliza yule mama kamba imefunga nini. Akajibu kwa kunong'ona, kama wanavyosema watu kwenye nyumba yenye mgonjwa. Ilikuwa imemfunga mbuzi. Alimwacha ale majani, akaingia kupika, akarudi: mbuzi hayupo, ardhi imejifumba, majani yamesimama. Shimo lile Sabuni alilifunika kwa mbao, juu akapaka saruji nyembamba, akapiga picha, kisha akatandaza udongo. Mbao zimeoza. Alipoitwa baada ya mbuzi kupotea, alikuja na udongo zaidi, akaumwaga kutoka mbali, akapiga picha nyingine.

"Na kamba, mbona hukuivuta?"

"Niliivuta, bibi," akasema. "Nayo ikanivuta."

Nikacheka, ndiyo hulka yangu. Kamba ikasogea. Polepole, kama mtu aliyelala anavyojivutia shuka. Chini kukasikika funda refu, kama la mtu anayekunywa chai ya moto. Mimi nimesoma la saba, najua maji yana njia zake na udongo huporomoka. Nikajiambia hivyo, tena kwa sauti. Kamba haikunisikiliza.

Haja iliniisha yenyewe.

Mkwe nilipomsimulia alisema mbuzi huibwa, Mama, na kamba ni kamba. Sikubishana naye. Asubuhi Sabuni alipokuja na kushusha vyombo vyake, nikawaambia wote wawili kwamba mama wa geti la kijani anamtafuta fundi wake. Sabuni akasita, lakini fundi gani atakataa kuitwa na mteja wa zamani mbele ya mteja mpya?

Tulipofika, nikamshika mkwe mkono mlangoni. Sabuni akatokea uani. Hakuna aliyemwambia kitu. Akageuka ubavu, akaegemeza mgongo ukutani, shati lake jeupe likifuta vumbi la ukuta mzima, akaanza kuzunguka na kuku, huku akituelezea kuhusu mabomba.

Mkwe akamtazama mpaka mwisho wa ukuta. "Fundi," akasema, "mbona hupiti katikati?"

Sabuni akasema majani mazuri hayakanyagwi.

Yule mama, aliyekuwa amezoea kunong'ona, akasema kwa sauti yake yote: "Basi nitolee kamba yangu. Ivute tu."

Sabuni akaitazama kamba. Mikono akaificha nyuma ya mgongo. Kigingi kikainama kidogo kuelekea katikati ya ua. Hapakuwa na upepo.

"Vyombo vyako viondoe kwangu," mkwe akamwambia. "Na sakafu ya mwanangu hutaijenga wewe."

Sabuni akaondoka kwa njia ileile ya ukutani. Mkwe akamwomba yule mama achukue watoto wake waje kwetu, mpaka apatikane mtu wa kulijaza lile shimo kwa mawe. Yule mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Akafunga mlango wa uani kwa ufunguo, akaongeza komeo, akasukumia na meza. Nikamtania kwamba mwizi wa kuruka ukuta huo ataanza yeye kuzama.

"Bibi," akasema, "simfungii mwizi wa kutoka nje."