Mshipa Uliokataa Kulegea

1.

Umekaza.

Bado umekaza.

Dkt. Mkunde Chambo anaongeza dawa, anaikodolea skrini macho. Kipande cha mshipa, chembamba kama uzi wa kushonea, kimetungikwa kati ya nyaya mbili ndani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Kimetoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua asubuhi hii. Dawa ni ile ile iliyompa Mkunde jina. Mshipa ulipaswa kulegea.

Umekaza.

2.

Wewe unayesoma, usiogope. Jambo lenyewe si gumu. Ukuta wa mshipa una seli, na kila seli ina vilango. Potasiamu ikitoka kupitia vilango hivyo, seli hutulia, mshipa hulegea, damu hupita kwa raha. Vikifungwa, mshipa hujikaza na presha hupanda. Kwa mjamzito ikipanda mno, huja kifafa cha mimba.

Nakuzera alikufa hivyo.

3.

Alikuwa mdogo wa Mkunde. Mkunde alikuwa bado mwanafunzi wa chuo. Alifika hospitali akakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Mama yao alikuwa amekaa sakafuni, upindo wa kanga mdomoni.

"Wewe uliyesoma," mama alimwambia, "hebu niambie. Damu ya mwanangu ilikasirishwa na nini?"

Mkunde akaenda kulitafuta jibu, na ujana wake ukaishia humo. Ndoa ilimpita. Marafiki walichoka kumwalika. Akabaki na mishipa.

4.

TANGAZO

Idara ina furaha kuwataarifu wanajumuiya wote kwamba utafiti wa Dkt. M. Chambo, ulioonyesha kuwa dondoo la majani, yaani dawa iliyokamuliwa humo, hufungua vilango vya potasiamu na kulegeza mishipa ya kondo, umechapishwa katika jarida la kimataifa. Majaribio kwa wajawazito wenye presha yataanza mara kibali kitakapotolewa. Nyote mnakaribishwa kwa chai.

5.

Chai ilinyweka. Kibali kilitoka. Wajawazito waliandikishwa.

Ndipo dumu la spiriti ya kuyeyushia dondoo lilipokaribia kwisha, wakafungua jipya, na mshipa ukagoma.

Mkunde alirudia. Akabadili maji, akabadili mshipa. Mwishowe aliinamisha lile dumu kuukuu, akakinga matone yaliyosalia, akayatia peke yake. Bila dondoo.

Mshipa

ukalegea.

Majani hayakuwa na lolote. Ndani ya spiriti mlikuwa na uchafu fulani, na huo ndio uliokuwa ukifungua vilango muda wote. Vipimo vya kulinganisha, vya spiriti bila dondoo, walivifanya kwa spiriti ya chupa nyingine, safi. Kosa ambalo yeye mwenyewe angemfelisha nalo mwanafunzi.

Uchafu gani? Angeupima. Lakini yale matone yalikuwa ya mwisho.

6.

Dkt. Semboja, mkuu wa idara, alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alifunga mlango kwanza.

"Mwalimu, umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi liishie hapa. Majani hayaui mtu. Tuache jaribio liende. Likishindwa, litashindwa lenyewe."

"Na wale watakaoachishwa vidonge vyao wapewe majani?"

Semboja akatazama dirishani. "Idara nzima imesimama juu ya jina lako, Mwalimu."

"Basi na ianguke."

7.

(koridoni)

— Kumbe alitunga.
— Hakutunga. Alikosea.
— Tofauti iko wapi?
— Kasema mwenyewe, lakini.
— Si angenyamaza!

8.

TAARIFA

Makala husika imeondolewa jaridani. Jaribio limesitishwa. Maabara itakabidhiwa kwa matumizi mengine. Dkt. Chambo anatakiwa kuondoa vitu vyake binafsi. Kwa ufafanuzi zaidi, wasiliana na…

9.

"Mama, ile dawa haifanyi kazi."

Mkunde alikuwa amempigia simu.

"Nimeshawaambia wanawake wa kanisani," mama akasema. "Nimewaambia mwanangu amekijua kilichomuua mdogo wake."

"Sijakijua, Mama."

"Basi mimi nitakufa hivi hivi."

Akakata simu.

10.

Hakuna aliyemtuma wodini. Alikwenda mwenyewe, kitanda hadi kitanda, kuwaeleza walioandikishwa. Wengine waliitikia tu. Mmoja, aitwaye Sikudhani, hakuitikia. Mimba yake ilikuwa ya tatu, miguu imevimba. Watoto wake wawili wa kwanza hawakuishi.

"Kwa hiyo mimi nitapewa nini?"

"Vidonge vyako vya siku zote."

"Vile vilivyoshindwa?"

"Vile."

Sikudhani akaivuta miguu yake taratibu, nafasi ikapatikana kitandani.

"Basi usinikimbie. Kaa."

Mkunde akakaa. Nesi alikuja, akamfunga mgonjwa kitambaa cha kipimo cha presha mkononi, akajaza hewa. Sikudhani hakukitazama kipimo. Alimtazama Mkunde usoni, akisoma humo. Mkunde akajitahidi uso wake usiseme kitu.

Namba zikatokea.

"Dokta," Sikudhani akasema. "Ngapi?"