Ukuta wa Mama Anastasie Waenda Maonyeshoni

Mwaka ule Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, aligundua kwamba Kasongo ina sanaa. Sisi wakaaji hatukuwa na habari. Bwana Mkubwa wa teritwari, yaani wilaya yetu, alirudi kutoka likizo ya Ulaya akiwa na mke mpya na wazo jipya, na vyote viwili vilihitaji ukumbi. Ghala la zamani la pamba karibu na soko likapakwa chokaa, likatiwa madirisha, na juu ya mlango pakaandikwa kwamba hapa ni Nyumba ya Sanaa ya Wenyeji. Ufunguzi ukapangwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba. Kilichobaki ni sanaa yenyewe.

Padri Direkta wa shule yetu ya bweni aliombwa atoe wanafunzi wenye mwandiko mzuri wapite nyumba kwa nyumba, waandike kila kitu kizuri kwenye karatasi ndogo iitwayo fishi. Mimi na mwenzangu Pacifique tulipewa mtaa ulio nyuma ya misheni. Tulichaguliwa kwa sababu tulikuwa katika adhabu, kwa jambo la kengele ambalo halihusiani na habari hii.

Fishi ilikuwa na maswali matano: kitu gani, nani alikitengeneza, kinatumika kwa nini, kina uzito gani, na mwishoni, chaweza kubebwa? Asubuhi tuliandika vigoda vitatu, ngoma moja, na kiko cha mzee mmoja ambaye alikataa kukitoa mdomoni tukipime. Kisha tukafika kwa Mama Anastasie.

Mama Anastasie alikuwa mjane, na kila kiangazi alikandika upya nyumba yake na kuchora ukuta wa mbele kwa vidole, kwa pemba, ule udongo mweupe, makaa na udongo mwekundu. Safari hii alikuwa na sababu kubwa. Binti yake Ernestine alikuwa ameposwa na Dominique, kijana wa Kabambare, na wakwe walikuwa njiani kuja kusema maneno ya ndoa. Ukuta ulikuwa na lori lenye magurudumu sita upande mmoja, masista wawili chini ya mwavuli, na chui aliyevaa saa ya mkononi.

"Mama," nikamwuliza, "chui iko na saa kwa nini?"

"Anachelewa," akasema, bila kugeuka.

Tukakaa kivulini, tukaandika. Pacifique alishika kalamu, mimi nikatoa hekima. Kitu: mchoro. Mtengenezaji: Anastasie. Matumizi: kupokea wakwe.

"Uzito?" akauliza Pacifique.

"Andika: wanaume wanane."

"Chaweza kubebwa?"

Nikafikiri kama inavyompasa mtu aliyesoma. "Andika: ndiyo."

Tulitegemea Padri Direkta angesoma, angekasirika, na tungechapwa kwa utaratibu wa kawaida. Lakini Padri Direkta alilala na homa. Alizitia sahihi fishi zote akiwa kitandani, bila miwani.

Siku ya Alhamisi, Mama Anastasie akiwa shambani, walifika kapita mmoja, msimamizi wa kazi za serikali, polisi wawili, misumeno, na wafungwa wanane. Serikali ilikuwa imehesabu vizuri. Walikata fito na udongo, wakauinua ukuta wa mbele juu ya milango miwili iliyounganishwa kwa kamba, wakaondoka nao taratibu kama watu wanaobeba mgonjwa. Mkia wa chui ulianguka karibu na soko. Mengine yote yalifika.

Jioni Ernestine alikuja kwenye uzio wa bweni.

"Kapita anasema karatasi ilisema ndiyo," alisema. "Nani aliandika ndiyo?"

"Mimi niliandika," alisema Pacifique, "lakini yeye alisema." Pacifique ana uaminifu wa namna yake.

Ernestine akanigeukia. "Weye ni mutu wa Nyangwe, hujui. Kwao Dominique, mutu akifa, maiti haipite mulangoni. Wanatoboa ukuta, wanamutolea pale. Kesho wakwe wanafika, wanakuta nyumba ya mama imetobolewa. Unafikiri watasema neno la ndoa kwenye matanga?"

"Mtawaeleza."

"Tutawaeleza nini? Kama ukuta ulienda kutembea?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwezi ujao Dominique anaingia kazi ya mgodi, Salamabila. Baba yake ana rafiki kule kule Kabambare, iko na binti, na nyumba yao haina tundu. Wakirudi bila kusema, hawarudi tena."

Nikamwambia tutatengeneza. Ijumaa mapema tulitoroka misa, mimi na Pacifique, tukaenda na mkeka mkubwa wa bweni, tukautundika juu ya tundu, tukaunyoosha vizuri. Ulipendeza. Baadaye nilijifunza kwamba, kwa watu wa Kabambare, tundu la maiti hufunikwa kwa mkeka.

Wakwe walifika saa nne, watu saba na mbuzi wawili. Mbele alikuwa Mzee Gérard, baba yake Dominique, amevaa koti zito la sufu. Aliona mkeka akiwa mbali, akavua kofia. Shangazi wa Dominique, Mama Régina, aliweka kikapu chini, akafungua kitambaa cha kichwa, akaanza kulia. Wote wakakaa chini mavumbini.

Mama Anastasie alitoka na maji ya kunawa.

"Mama, pole," alisema Mzee Gérard. "Nani ametuacha?"

"Hakuna mutu, baba. Walibeba ukuta."

"Nani alibeba?"

"Bulamatari."

Mzee akawageukia watu wake. "Uchungu umemuingia kichwani," alisema polepole, na Mama Régina akalia kwa nguvu zaidi.

Hali iliendelea hivyo hadi Jumamosi. Kila aliyeeleza aliongeza matanga. Jirani walisikia kilio, wakaja kulia pia, wengine wakiwa na kuni, kama desturi inavyotaka. Dominique alikaa upande wa wanaume, Ernestine upande wa jikoni, na baina yao palikuwa na ua wa hatua kumi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka. Mzee Gérard alikwisha sema: Jumatatu, lori la kwanza, wanarudi kwao.

Jumamosi mchana nilikwenda kupiga magoti mbele yake. Sipendi kupiga magoti nje ya kanisa.

"Baba, maiti ni ukuta kweli. Mimi ndiye nilisema ubebwe. Iko pale kwa Nyumba ya Sanaa."

Alinipima kwa macho. "Mutoto, umesoma miaka ngapi?"

"Saba, baba."

"Na miaka saba yote wamekufundisha hii?" Akawaza. "Nataka kumuona huyo marehemu."

Jumapili Nyumba ya Sanaa ilifunguliwa asubuhi kwa Wazungu, na saa tisa kwa wenyeji waliovaa safi. Sisi tulifika saa tisa kamili kwa safu moja: Mzee Gérard kichwa wazi, wanaume wawili wawili, wanawake wamefunga matumbo kwa vitambaa, majirani nyuma na kuni zao. Bwana Mkubwa na mke wake walikuwa bado mlangoni. Hawakuwa wamewahi kuona wenyeji wakiiendea sanaa kwa heshima ya namna hiyo. Mpigapicha akaitwa.

Ndani palikuwa na vigoda juu ya meza zenye vitambaa vyeupe. Kiko cha mzee kilikuwepo pia, na mwenyewe amesimama pembeni akikilinda. Mwishoni kabisa, ukuta wa Mama Anastasie uliegemea ukuta wa serikali. Chini yake kibao kilisema: Mchoro wa kienyeji, mtengenezaji hajulikani. Mtengenezaji alikuwa amesimama mbele yake, na chepeo yake ya kanisani.

Mama Régina aliuona ukuta, akaangua kilio kwa mazoea tu. Mke wa Bwana Mkubwa akatoa leso, akafuta macho. Alimwambia mume wake kwa Kifaransa kwamba watu hawa wanahisi kuliko sisi. Sikutafsiri.

Mzee Gérard alikaribia. Aligusa udongo kwa kidole, akagonga, akainama kutazama fito zilizokatwa. Kisha akatazama lori, masista, na chui asiye na mkia.

"Ni ukuta," alisema.

"Nilisema," alijibu Mama Anastasie.

"Mama, nisamehe. Hii ulichora kwa ajili yetu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine? Bulamatari haposi kwangu."

Mzee alicheka kidogo kwa pua. Lakini alipotoka nje akawa mzito tena. Mtu hakufa, alisema, hilo ameliona. Lakini nyumba imefunguliwa, na kwao nyumba iliyofunguliwa haisemewi ndoa mpaka ifungwe, na anayefunga ni yule aliyefungua.

"Wafungwa wanane?" niliuliza kwa matumaini.

"Hao walikuwa misumeno tu," alisema Mzee Gérard. "Fungua mikono nione."

Jumatatu Padri Direkta, ambaye homa ilikuwa imemwachia, alinipa ruhusa bila kuulizwa mara mbili, na akampa Pacifique ruhusa hiyo hiyo ingawa hakuiomba. Tulikata fito, tukakanyaga udongo na majani, tukapiga matonge tangu alfajiri. Mzee Gérard alikaa kwenye kigoda akiwa na koti lake la sufu, akisema: hapa kuna upepo, hapa kuna upepo. Lori la kwanza la Kabambare lilipita likapiga honi. Hakuinuka.

Saa kumi tonge la mwisho liliingia. Mzee akasogea, akaweka shavu penye udongo mbichi, hakusikia upepo. Wanawake wakafunga tena vitambaa vya kichwa. Watu wakanawa, wakaingia, na mimi nikabaki mlangoni kwa sababu ya hali yangu.

Maneno yalikuwa marefu, kama yanavyopaswa kuwa. Mwishowe Ernestine aliitwa kutoka jikoni, akasimama katikati ya chumba. Mama Régina akamwuliza, mbele ya wote, "Hawa watu unawajua?"

Ernestine aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama Mzee Gérard, akasema, "Namujua." Alimtazama Dominique, na hapo watu walikohoa. "Namujua." Kisha akanitazama mimi mlangoni, mwenye udongo hadi kwenye nyusi.

"Yule simujui," alisema. "Lakini mumupe chakula."

Mzee Gérard akamkabidhi Ernestine kitambaa cha ndoa, alama ya kwamba neno limesemwa, naye akakipokea kwa mikono miwili.