Siku Kocha Alipoinama

Kitendawili: mwanangu hana kosa, lakini kila akichapwa watu wanapiga makofi. Huna haja ya kunipa mji, jibu nakupa bure. Ni mpira wa kriketi. Ndio ulioninyang'anya kijana wangu. Tangu alipojua kushika gongo, nyumbani alikuwa anakuja kula na kunichafulia mashuka tu.

Alichezea timu ya mkoa mpaka mvi zikampigia hodi. Timu ya taifa haikumwita. Mara moja tu alikaribia. Wateuzi wamekaa kwenye viti vya plastiki, yeye anapiga vizuri, mara mpira ukaparuza ukingo wa gongo lake na kudakwa nyuma yake kabla haujagusa chini. Ukidakwa hivyo, umetoka. Ila mguso wenyewe ulikuwa mwepesi kama unyoya. Mwamuzi hakuusikia, akatikisa kichwa kwamba aendelee. Mwanangu akatia gongo kwapani akatoka mwenyewe. Wateuzi nao wakakunja karatasi zao wakaenda.

Alipokuwa kocha, somo lake la kwanza lilikuwa hilohilo: ukigusa, toka, usingoje mwamuzi akuinulie kidole cha kukutoa. Makocha wenzake walimcheka, wakasema yeye angekuwa mwizi angejipeleka polisi na mzigo kichwani.

Aliyefundishwa naye kuliko wote ni binti yake, mjukuu wangu, ambaye mimi humwita mke mwenzangu. Mama yake alitutoka angali mdogo, tukamlea sisi wawili. Baba mtu alitia mpira ndani ya soksi kuukuu, akaining'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, mtoto akawa anaupiga kutwa. Kanga zangu zilipata kipigo kuliko huo mpira.

Basi wateuzi wakaja tena, safari hii kutafuta wasichana wa timu ya taifa. Nilikaa benchi moja na mwanangu, chupa ya chai katikati yetu. Mke mwenzangu alikuwa anapiga, mambo yanamwendea. Kisha nikasikia kitu kidogo, kama ukucha juu ya meza, na mpira ukadakwa nyuma yake. Wapinzani wakapaza sauti. Mwamuzi akatikisa kichwa.

Mtoto hakumtazama mwamuzi. Alimtazama baba yake.

Na baba yake akainama kufunga kamba za kiatu. Kiatu kilikuwa kimefungwa, nilikiona kwa macho yangu. Alivuta kamba, akazivuta tena, hakuinua kichwa mpaka mrushaji alipoanza kukimbia na mpira mwingine.

Mtoto akabaki. Akapiga mpaka mwisho, na jioni jina lake likasomwa la kwanza.

Nyumbani hakuna aliyeshangilia. Mimi nilipika, nikasema huyu sasa atakula vya serikali, mchuzi wangu atauona maji. Utani wangu ukaanguka chini, hakuna aliyeuokota. Mtoto alisimama mlangoni mwa jikoni, baba yake anasugua tope kwenye pedi zake za kukingia miguu uwanjani.

"Baba, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukuniangalia?"

Akasugua kwanza. "Ningekuangalia ungetoka. Nilitaka upate nilichokosa mimi."

"Mimi nilikuwa nakungoja uniangalie, nitoke."

Mwanangu akarudi kusugua pedi. Mimi mama nilimwelewa, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini kumwelewa mtu si kumpa haki. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa atoke. Aliyemzuia ni yuleyule aliyemlea.

Mtoto alikwenda kambini. Angekataaje, na mtaa mzima umeshamuaga? Siku hizi tunamwona kwenye televisheni ya jirani, na majirani wananiambia nimezaa simba. Nawajibu simba sikumzaa mimi, nilimfulia nguo tu.

Hupiga simu kila Jumapili. Baba yake ndiye hupokea. Humuuliza kama amekula, kama goti limepona, naye hujibu vizuri, shikamoo baba, ndiyo baba, asante baba. Hana jeuri hata chembe, na hilo ndilo linalomuumiza mwanangu. Zamani walikuwa wakibishana kuhusu mpira mmoja mpaka chai inapoa.

Kisha hunipa simu, nasi wake wenza tunaanza vitendawili vyetu na kucheka mpaka mbavu zinauma. Mwanangu haondoki. Hukaa palepale kwenye kiti, mikono magotini, akimsikiliza binti yake anavyocheka.