Maji ya Mlimani Kwenye Difu

"...kahawa! Baba, beseni, leta beseni! Kahawa kabisa hii, tena ya moto!"

Agnela alipiga kelele hizo akiwa amelala chali chini ya gari, uani kwao, mtaa wa Sakina, Arusha, Jumatano saa nne asubuhi. Baba yake, Aminieli, akalisukuma beseni kwa mguu. Kahawa ikamiminika kutoka kwenye giaboksi, nyeusi, nzito, inafuka mvuke. Ilikuwa ya moto kwa sababu gari lilikuwa limewashwa dakika kumi kabla, maana oili ya baridi haitoki yote. Hapo walifuata utaratibu.

"Na oili iko wapi?" Aminieli akauliza.

"Labda inakuja nyuma."

Haikuja. Kahawa ilipoisha, giaboksi ilikuwa tupu.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, milango miwili, limelala chini hadi kuku wakitaka kupita uvunguni wanainamisha kichwa. Lilitoka Japani kwa meli, mwaka ule wa tisini na nne, wakati kila mwenye kiduka cha vitenge Arusha alikuwa ana kitu chake bandarini anakisubiri. Lilikuwa na siku tisa tu mjini. Agnela alikuwa amepanda mara mbili, kwenda mnara wa saa na kurudi, na mara zote mbili alicheka njia nzima mpaka mbavu zikamuuma. Chuoni kwao hapakuwa na mtu ambaye hajasimuliwa, hata mpishi.

Aminieli hakutaka kulipeleka gereji. Alisema mafundi wa Ngarenaro wana mikono mizuri, ila gari likilala kwao linaamka na vifaa vya gari lingine. Kwa hiyo akanunua oili mwenyewe, akaazima jeki, akaliweka gari juu ya magogo manne, akamkabidhi binti yake kitabu cha gari. Kitabu kilikuwa cha Kijapani.

"Baba, mimi nasoma uhasibu."

"Si uko chuo? Soma."

Agnela akasoma picha. Kazi hii ina sharti moja tu: unaanza kufungua nati ya juu, ya kujazia, na ukishaona imekubali ndipo unafungua ya chini, ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, huna gari. Picha zilisema hivyo hivyo. Lakini kitabu kile kilikuwa kinaanzia nyuma kuja mbele, na Agnela alikifungua kama kitabu cha nyimbo cha kanisani, kwa hiyo picha ya mwisho akaiona ya kwanza. Akafungua ya chini. Alipoigeukia ya juu, ilikuwa imeshikana na kutu kama ndugu wawili.

"Basi tufanye difu," Aminieli akasema. Difu nayo, lile bonge la katikati ya magurudumu ya nyuma, wakafungua nati yake ya chini kwanza, kwa sababu kitabu kilikuwa hakijageuzwa.

Kwenye difu yalitoka maji. Meupe, ya baridi ya kuuma vidole, unene wa kidole gumba. Yakajaza beseni, yakajaza ndoo, yakajaza karai la kufulia. Aminieli akarudisha nati mara tatu, na mara tatu maji yakaisukuma nje taratibu, bila ugomvi.

Mlangoni kwa jiko alikuwa amekaa Bibi Elinaza, mama yake Aminieli, anachagua maharage. Alikuwa ameshuka mjini miezi sita kabla kutibiwa macho. Sasa alikuwa na miwani, kibegi kimefungwa, na Jumamosi alikuwa anarudi kwake mlimani, juu ya Maji ya Chai, kupalilia migomba. Alikuwa arudi Jumamosi iliyopita, na ile ya kabla yake, ila kila Alhamisi mwanawe alikuwa anapata sababu ya kumwambia asubiri kidogo.

Bibi akaomba kikombe. Akaionja kahawa.

"Hii ni ya mibuni yangu ya nyuma ya jiko," akasema. "Nani kaichuma kabla mimi sijarudi?"

Aminieli akasogeza ndoo. Bibi akainuka, akachota maji kwa kiganja, akanawa uso, akanywa, akaijua chemchemi ya shambani kwake.

"Aminieli."

"Naam, Mama."

"Hili gari umelipata kwa kitu gani?"

"Biashara, Mama. Vitenge."

Maji yakanenepa, yakawa kama kifundo cha mkono. Naeku, jirani, ambaye alikuwa amefika na maziwa ya asubuhi na hajaambiwa aondoke, akasema saa hizi kule juu mlimani wanafunga mifereji midogo, ndiyo maana maji yanapata nguvu. Wote wakaona ni kweli.

"Umeuza shamba langu."

"Nimekodisha tu, Mama."

Maji yakawa kama paja la mtoto mchanga. Gari likatikisika juu ya magogo yake.

"Haya, nimeuza," Aminieli akasema. "Watu wa maua walikuja na karatasi. Na hati ina jina langu, Mama. Baba alipofariki, ukoo uliandika jina langu. Wewe hukuandikwa."

"Ni kweli," Bibi akasema. "Mimi nililima tu."

Agnela alikuwa ametoka uvunguni, ana grisi mpaka masikioni. Alimtazama baba yake, akalitazama gari. Aliona aibu ya kulipenda, na bado alilipenda.

Maji hayakupungua. Bibi Elinaza akauliza jembe liko wapi, akapewa, akaanza kuchimba. Alichimba mfereji kutoka chini ya difu, ukakata ua, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukatokea chini ya uzio hadi kwenye mchicha wa Naeku. Kwao mlimani maji yana zamu, na akasema hata hapa yatakuwa na zamu. Agnela akaambiwa achukue daftari la chuo aandike: Naeku alfajiri hadi saa mbili, mama wa mandazi hadi saa nne, wenye malori wanaoosha magari hadi adhuhuri, na kuendelea. Anayeruka zamu analeta debe la pombe ya ndizi.

Jamani, Sakina ilifurahi! Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Pasaka. Watu walikuja na ndoo, sufuria, na mmoja akaja na beseni la kuogea mtoto, na mtoto yumo. Chemchemi ya Bibi Elinaza ilikuwa inajulikana tangu zamani kwamba haiunguzi meno yakawa ya kahawia kama maji mengine ya huku, kwa hiyo akina mama wakaleta watoto ambao meno hayajaota, ili yaote meupe. Alhamisi jioni wenye malori walikuwa wameruka zamu mara mbili makusudi, madebe mawili yamefika, na mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama ndani ya mfereji, suruali imekunjwa, anawapanga watu kwa sauti.

"Sauti ya pili, mbona mnalegea? Maji mmekunywa, pombe mmekunywa!"

"Mwalimu, toka kwanza, unatuchafulia zamu!" Naeku akamjibu, na watu wakaanguka kwa kicheko.

Agnela alikimbia huku na huku na daftari lake, anagawa, anagombeza, anacheka. Aminieli alikuwa amekaa ndani ya gari, vioo juu, anasikiliza redio. Kila baada ya muda alikuwa anapiga honi kidogo, kuona kama bado inalia. Ilikuwa inalia.

Ijumaa asubuhi Bibi akamwita mjukuu wake.

"Panda kule kaniangalizie. Nataka kujua kesho narudi wapi."

Agnela akaenda. Akashuka kwenye basi Maji ya Chai, akapanda kilima kwa miguu saa nzima. Alikuta shamba limezungushiwa waya. Mlinzi alikuwa kijana mpole, akampitisha. Akamwambia chemchemi ilikauka Jumatano saa nne asubuhi, ghafla tu, wakaleta mashine wakachimba kisima, na kazi haikusimama hata siku moja. Ndege ya kupeleka maua Ulaya inaondoka kila usiku.

Alirudi alasiri. Ni msichana ambaye habari haijawahi kumkaa mdomoni kutoka getini mpaka jikoni, na siku hiyo pia alianzia getini.

"Bibi! Wameweka nyumba za nailoni, ndefu, unaingia humu unatokea kule, unatokwa jasho kama uko Dar! Na umeme!"

"Wamepanda nini?"

"Mawaridi."

"Ya kula?"

"Ya kutazama, Bibi."

"Hata mbuzi hali?"

"Mbuzi hawaruhusiwi."

Bibi Elinaza akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Naeku akacheka. Ndani ya gari redio ikapunguzwa sauti.

"Na nyumba yangu?"

"Wanawekea mbolea. Wameiezeka upya, haivuji tena."

"Vizuri. Ilikuwa inavuja." Bibi akavaa miwani. "Na migomba?"

"Wameikata, Bibi."

"Na babu yako? Pale alipolala, wamemzungushia nini?"

Pale Agnela alikuwa ameona mawaridi tu, kaburi hakuliona. Wenye zamu walikuwa wamefika na ndoo zao, wanasukumana, wanamtania mama wa mandazi. Akafungua daftari, akatafuta jina la anayefuata, akalitafuta tena.

"Hiyo ya babu ni ndefu," akasema. "Kesho, Bibi. Kesho nitakwambia yote."