Keti Uione Sindano

Mwalimu Shikanga alipoingia wodi ya watoto na kichana cha ndizi mkononi, Rosebella hakuinuka kumpokea. Binti yake Mitchel, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa kitandani akisaidiwa na mrija wa oksijeni.

Mitchel alikuwa amevunjika mguu akiichezea timu ya shule, akafungwa plasta, akakaa nyumbani Butali bila kusogea sana. Aliporudi darasani kwa magongo, alilalamika kwamba kifua kinamchoma na kupumua kunamshinda. Shikanga, mwalimu wa zamu, alimwambia anajidekeza, akamsimamisha gwarideni, kwenye mkusanyiko wa asubuhi, huku wenzake wakimcheka, hadi akaanguka.

Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya nimonia. Hali ikazidi kuwa mbaya. Ni Daktari Emily, huku hospitalini Kakamega mjini, aliyeuangalia ule mguu uliovimba, akaagiza picha ya kifua, kisha akamketisha Rosebella.

"Damu iliganda kwenye mshipa wa mguu. Bonge likakatika, likapanda mpaka kwenye mapafu. Ndilo linalomnyima pumzi."

"Huo si ni ugonjwa wa wazee, daktari?"

"Wengi hufikiria hivyo, hata sisi. Ndiyo maana watoto hucheleweshwanga."

Tangu hapo Mitchel akawa anadungwa asubuhi na jioni sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, mpaka mikono ikaota mabaka meusi.

"Mama Mitchel, poleni sana," Shikanga alisema. "Shule nzima inawaombea."

"Keti, mwalimu."

Aliketi, akidhani amekaribishwa. Mara muuguzi akafika na sinia la dawa, naye Shikanga akainuka atoke nje.

"Hapana," Rosebella akasema. "Keti uione. Mitchel, mwalimu abaki?"

Mitchel alimtazama mwalimu wake bila kupepesa. "Abaki."

Muuguzi akabana ngozi ya mkono pale ambapo hapajawa peusi, akaichoma. Mitchel aliuma mdomo, chozi likamtoka, lakini macho hakuyaondoa kwa Shikanga. Mwalimu ndiye aliyetazama sakafu.

"Sikujua, mama."

"Alikuambia. Alikuambia hawezi kupumua, wewe ukamwambia asimame wima."

"Watoto hudanganyanga. Tusameheane tu."

"Wangu hakudanganya. Nenda ukaseme hivyo gwarideni, mbele ya hao uliowaacha wamcheke. Na ndizi zako beba."

Alizibeba.

Dawa ilifanya kazi. Pumzi ya Mitchel ikatulia, mrija ukaondolewa, akaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya miezi kadhaa vya kuzuia damu kuganda. Daktari Emily alimkataza mpira kwa muda wote huo, kwa sababu kwa dawa hizo angeumia, angetokwa damu nyingi. Ndani ya matatu, Mitchel aligeukia dirisha hadi wakafika Butali.

Jioni hiyo Ashley, rafiki yake wa darasani, alikuja kumwona. Rosebella akamuuliza kama mwalimu amesema lolote.

"Alisema Mitchel alikuwa mgonjwa, tumwombee."

"Hakusema alikosea?"

"Hapana, mama."

Kesho yake, kengele ya gwaride haijalia, alimwacha Mitchel kwa nyanyake, akajifunga leso kiunoni, akashika njia ya shule. Safari hii hakuwa anaenda kumwomba Shikanga aseme. Alikuwa anaenda kusema mwenyewe.