Pumzi Iliyorudi

Waliompa jina la Mapafu hawakukosea enzi hizo: alikuwa akishika sauti moja ya tarumbeta hata wasikilizaji wakaanza kutazamana. Sasa jina hilo lilimchoma. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kifua chake hakimudu tena, aache kupuliza, naye alipofika nyumbani akamwambia mkewe, "Vumbi tu, mama watoto." Kisha akanunua mashine.

Mashine ilikaa sakafuni, miguuni pake. Alipuliza kifungu kifupi, akakanyaga, na kifungu kile kikajirudia chenyewe huku yeye akipumzika. Akikanyaga upande wa pili, sauti ilipata mwangwi kama wa ukumbi mkubwa. Mkewe aliyaona hayo kuwa mitindo ya kisasa. Mapafu hakumsahihisha.

Jioni hiyo alifanya mazoezi sebuleni, kwa kuwa kesho yake alitakiwa kupiga mbele ya mwenye ukumbi aliyetafuta mpigaji wa kudumu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa kochini amekunja nne.

Alipuliza, akakanyaga. Spika zikarudisha kifungu, na mwishoni mwake kitu kikakwaruza: hrrr.

"Shemeji, mlango wako unadai mafuta," akatania yule wa kochini.

Mkewe akautazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Sauti ikazunguka tena. Mkewe akazima feni. Hrrr, na safari hii mwangwi ukaikuza ikajaa chumba kizima.

"Au umemeza jogoo? Mwache atoke, bwana!"

Shemeji alicheka peke yake. Mapafu alikuwa ameteremsha tarumbeta, midomo imefumbwa, na bado kifua chake kilikoroma katika spika. Kipaza sauti kilikuwa kimenasa hata pumzi aliyoivuta. Akainua mguu ili akanyage, akifute kifungu kile. Mkewe akamshika goti.

"Usifute."

"Ni hitilafu ya mashine."

"Mashine haina kifua, baba watoto. Daktari alisema nini?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini. Lakini kila alipofumbua kinywa, ile hrrr ilimtangulia. Shemeji akakunjua miguu, akainamisha macho.

"Kaka," mkewe akasema bila kugeuka, "mpigie simu mwenye ukumbi."

"Nimwambie nini?"

Mapafu aliketi chini, tarumbeta mapajani.

"Mwambie siji," akasema, na ikambidi avute pumzi kabla ya kumalizia. "Daktari amenikataza."